Kupanda Deizi Nyeupe za Kudumu Katika Bustani za Nakuru

Mtu aliyekulia Molo, Mau Narok au Olenguruone hahitaji kuelezwa deizi ni nini, hata kama jina hilo hajawahi kulisikia, kwa sababu pareto yenyewe ni deizi. Ina petali nyeupe zilizozunguka kitovu cha manjano, haifi baada ya msimu mmoja, na shina lake likigawanywa vipande, kila kipande chenye mizizi huota upya. Deizi ya bustani ninayoizungumzia hapa ni ya ukoo huohuo, ila majani yake hayakuchanika kama ya pareto. Ni mazito, ya kijani iliyokolea, yenye meno madogo ukingoni. Mmea husimama kati ya sentimita 60 na 90, na ua lake laweza kufikia upana wa sentimita 8 au zaidi. Wapo wanaoipanda kandokando ya sukumawiki wakitumaini kwamba itafukuza wadudu kama pareto. Haitafukuza kitu. Sumu ile ni ya pareto, na vidukari watakaa juu ya deizi yako bila wasiwasi wowote.

Vitaluni huitwa deizi ya Shasta, na asili yake yafaa ijulikane kwa sababu ndiyo inayoeleza ukaidi wake. Luther Burbank, mkuza mimea wa Santa Rosa katika jimbo la California nchini Marekani, alitumia takriban miaka 17 akipandanisha deizi za Ulaya na moja ya Japani, akaitoa kwa wakulima wa bustani mwaka 1901 na kuipa jina la mlima Shasta, ambao kilele chake hufunikwa na theluji. Wazazi wake wote ni mimea ya nchi zenye majira ya baridi yanayofuatwa na miezi ya mchana mrefu. Nakuru, kinyume chake, iko karibu mno na ikweta, na mchana wetu ni wa takriban saa 12 tangu Januari hadi Desemba. Aina nyingi za deizi hii husubiri zipate baridi kwanza, kisha mchana mrefu, ndipo zitoe matumba. Zisipoviona viwili hivyo, hunenepa majani na kutanda ardhini kama kabichi zisizofunga. Katika baadhi ya mashamba ya maua ya Naivasha, wakulima huwasha taa usiku ili kuuhadaa mmea udhani kwamba mchana umerefuka, lakini hilo si jambo la mtu mwenye tuta mbili mbele ya nyumba.

Nililijua hilo kwa kuchelewa. Niliwahi kununua pakiti ya mbegu iliyokuwa na picha ya kupendeza sana, nikaiotesha kwa uangalifu, nikapata miche thelathini na ushei iliyostawi hata wapita njia wakaisifu, na kwa miaka miwili sikuona ua hata moja. Wakati huohuo mama mmoja jirani yangu, ambaye hajawahi kununua mbegu za maua maishani mwake, alikuwa na kichaka cha deizi kando ya tangi la maji kilichochanua mara mbili kwa mwaka. Nilimwomba machipukizi manne. Hayo manne ndiyo mababu wa deizi zote nilizo nazo leo, na ile miche thelathini niliifukia shimoni ikawa mboji.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ambao ningeusisitiza kuliko mwingine wowote katika maelezo haya, ni kwamba usipande deizi ambayo hujaiona wewe mwenyewe ikichanua katika mwinuko unaokaribiana na wako. Kabla ya kutoa pesa, zunguka mtaani ukiangalia nyua za makanisa, shule na majirani, na ukiipata iliyochanua, bisha hodi. Ni nadra mwenye deizi kukataa kuitoa, kwa sababu mmea huu usipopunguzwa hujisonga wenyewe. Ukilazimika kununua kwenye vitalu vya kando ya barabara, chagua mche wenye ua au tumba tayari, si ule wenye majani mengi tu, na umuulize muuzaji mmea mama uko wapi.

Mwinuko na jua

Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda kuelekea Njoro, Elburgon na Molo, usiku huwa wa baridi zaidi na deizi huchanua kwa hiari zaidi. Vivyo hivyo Eldoret, Kericho na maeneo ya Kitale hufaa. Sakitu, yaani umande ulioganda, inayoangukia Molo katika miezi ya kiangazi huweza kuunguza matumba yaliyo wazi, lakini haiui mmea, kwani huu umezaliwa na wazazi waliozoea baridi. Baada ya wiki chache hutoa majani mapya kutoka chini.

Kisumu ni habari nyingine. Mji uko takriban mita 1,130, usiku wake una joto, na mtu anayeng'ang'ania deizi ya Shasta ufukweni mwa ziwa atavuna majani na masikitiko. Aliye huko namshauri apande jabera au gazania, ambazo nazo ni za ukoo wa deizi, asili yake ni Afrika Kusini, na joto haziliogopi. Jabera ina sharti moja lisilosamehewa: shingo yake, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, ibaki juu ya udongo kidogo, kwa maana ikifukiwa huoza. Gazania nayo hufunga petali zake jioni na siku za mawingu, kwa hiyo usidhani inakufa ukirudi kazini machweo na kuikuta imejikunja.

Popote ulipo katika nyanda za juu, Shasta hutaka jua kamili, si chini ya saa 6 kwa siku. Ikipandwa chini ya mparachichi au upande wa nyumba usiopata jua, vikonyo hurefuka vikitafuta mwanga na kulala chini mvua ya kwanza inapopiga.

Udongo na tuta

Udongo wa sehemu kubwa ya Nakuru umetokana na majivu ya volkano, na aliyewahi kuulima anajua tabia yake: ni mwepesi, hupeperuka kuwa vumbi wakati wa kiangazi, na ukimwagia debe la maji huyanyonya mara moja kana kwamba hukumwaga kitu. Kwa deizi hiyo ni neema kwa upande mmoja, maana kitu kinachoiua haraka kuliko vyote ni maji kutuama shingoni mwake. Kwa upande mwingine, udongo huo haushiki unyevu wala rutuba kwa muda mrefu, na dawa yake ni samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza kabisa mpaka haina harufu. Lima mpaka kina cha sentimita 30 hivi, ondoa sangari na mizizi yake yote kwa mkono, kwa sababu ukiiacha itaota katikati ya deizi na hutaweza kuing'oa bila kuvuruga mmea, kisha changanya debe moja la samadi kwa kila mita moja ya mraba.

Usizidishe. Mbolea ya kuku iliyo mbichi, au mbolea ya dukani ya kukuzia majani kama inavyowekwa kwenye mahindi, huifanya deizi iwe na majani mororo, vikonyo dhaifu na maua machache. Mmea huu hupenda kushiba kiasi, si kuvimbiwa.

Kwa walio Kakamega na Vihiga, ambako mvua ni nyingi, ikiwa udongo wenu ni wa mfinyanzi usiopitisha maji upesi, inueni tuta kiasi cha shubiri moja juu ya ardhi ya kawaida na mchimbe kamfereji pembeni. Katika tambarare za Kano, ambako udongo mweusi hugeuka tope wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua, hata jabera yafaa ipandwe katika tuta lililoinuliwa vilevile au katika ndoo kuukuu iliyotobolewa chini.

Kupanda machipukizi

Wakati mzuri ni mvua za masika zinapokuwa zimekolea, mwishoni mwa Machi au Aprili, ili mizizi iwe imeshika kabla ya mvua kupungua. Anayekosa nafasi hiyo aweza kutumia mvua za Oktoba na Novemba, mradi awe na maji ya kumwagilia kiangazi cha Januari na Februari.

Siku moja kabla ya kuchimba, mwagilia kichaka kinachogawanywa. Asubuhi yake punguza majani mpaka yabaki urefu wa kiganja, kisha chomeka fokojembe kwa umbali wa shubiri moja kutoka ukingoni, uzunguke pande zote ukiinua polepole hadi kichaka chote kitoke na udongo wake. Kung'uta udongo ili uone vizuri. Katika kichaka cha zamani utaona kwamba katikati pamekuwa pagumu kama kuni, pana mizizi myeusi na hakuna jani linalotoka hapo, ilhali pembeni kumejaa machipukizi mabichi yenye mizizi myeupe. Hapo katikati patupe bila huruma. Pembeni pagawe kwa mikono, au kwa kisu kikali pale panapokataa kuachana, na uhakikishe kila kipande kina machipukizi 3 hadi 5 na mizizi yake. Wanaoanza hupenda kugawa vipande vidogo vidogo ili wapate vingi. Kipande chenye chipukizi moja huishi, lakini kitakuchelewesha msimu mzima.

Weka vipande ndani ya gunia lililoloweshwa maji na usiviache juani hata kwa dakika za kunywa chai. Vipande vinavyosafiri, tuseme kutoka Njoro kwenda kwa dada yako Kericho, vifungwe kwa gazeti lililolowa na kutiwa kwenye mfuko usiofungwa mdomo. Chimba mashimo kwa umbali wa sentimita 45, panda kipande kwa kina kilekile kilichokuwa nacho awali, shindilia udongo kwa viganja, na umwagilie papo hapo. Jua likiwa kali siku hizo za mwanzo, chomeka matawi yenye majani upande wa magharibi wa kila mche mpaka utakapouona umesimama wenyewe. Nafasi ya sentimita 45 itaonekana kubwa kupita kiasi na utashawishika kuziba mapengo kwa miche mingine, lakini baada ya mwaka mmoja majani yatakuwa yamegusana.

Kwa anayeanzia kwenye mbegu

Nimekwisha kusema kwa nini siipendi njia hii, ila yupo asiye na jirani mwenye deizi. Mbegu hizi huhitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo usizifukie; zitawanye juu ya udongo laini uliolowa, zikandamize kwa kiganja, na ufunike kasha kwa kipande cha nailoni kinachopitisha mwanga. Huota ndani ya wiki 2 hadi 3. Miche ikipata majani mawili ya kweli ihamishie kila mmoja kwenye kikopo chake, na ikifikia urefu wa kidole cha kati ipeleke bustanini. Chagua aina fupi, ambazo baadhi yake hazidai baridi nyingi, na usichume mbegu za deizi zenye petali za matabaka ukitarajia watoto watafanana na mama, kwa sababu mara nyingi hawafanani.

Maji, matandazo na kisu

Mwagilia asubuhi, kwenye mizizi na si juu ya maua, mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi kwa mmea uliokwisha kushika. Miche michanga huhitaji zaidi. Tandaza nyasi kavu au mabua ya ngano yaliyokatwakatwa kuzunguka kila mmea, ila acha duara la upana wa vidole vinne bila matandazo karibu na shingo, maana matandazo yaliyolowa yakigusa shingo huleta uozo uleule tunaoukwepa.

Kukata maua yaliyokwisha ndiko kazi ya kila wiki. Kinachoitwa ua la deizi kwa kweli ni mkusanyiko wa maua madogo mengi: kila petali nyeupe ni ua moja, na kile kitovu cha manjano ni mamia ya maua madogo yanayofunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Kwa sababu hiyo unaweza kujua umri wa ua kwa kutazama kitovu. Kikiwa bapa na katikati yake bado pana rangi ya kijani, ua ni changa. Kikiwa kimevimba juu kama kitumbua na kuanza kuwa kahawia, mbegu zinaundwa na mmea umeanza kuelekeza nguvu zake huko. Kata wakati huo, chini kabisa pale kikonyo kinapokutana na jani, ili usiache vijiti vitupu vilivyosimama.

Kuna sababu nyingine ya kutoruhusu mbegu. Mmoja wa wazazi wa Shasta, yaani deizi ya mwituni ya Ulaya, amekuwa gugu la malisho katika nchi nyingi alikopelekwa, na ng'ombe akimla sana maziwa hupata ladha mbaya. Shasta si korofi kiasi hicho, lakini mwenye ng'ombe, au mwenye jirani aliye na ng'ombe, asitupe mabaki yenye mbegu kwenye ua wa nyuma.

Baada ya wimbi kubwa la maua kwisha, mimi hukata kila kitu mpaka kubaki rundo la majani mafupi lisilozidi urefu wa kiganja, na kwa wiki nne hivi, hasa Januari na Februari, hupunguza maji hadi mara moja kwa wiki na siweki samadi yoyote. Huku kwetu hakuna majira yanayoulazimisha mmea kupumzika, nao usipopumzishwa huendelea kutoa maua madogo madogo, machache, mwaka mzima, hadi unachoka. Mvua zinapokaribia nautilia makonzi mawili ya samadi na kuparua udongo kidogo kuuzunguka. Wapo watunza bustani wenzangu wanaoona ukali huu haustahili, wakisema wao hukata vikonyo tu na kuacha majani. Bustani zao nimeziona, na mwaka wa tatu huwa zina mapengo.

Kwa vyovyote vile, kila baada ya miaka 2 au 3 kichaka lazima kichimbwe na kugawanywa kama nilivyoeleza, hata kama bado kinachanua. Dalili ya kwamba umechelewa ni maua kuzunguka ukingoni kama taji, huku katikati pakiwa patupu.

Maadui

Wa kwanza ni kuku. Ubaya wao si kula deizi, bali huparura matandazo na kuacha mizizi nje, na siku moja ya kuku walioachiwa huru huharibu kazi ya mwezi. Wa pili ni fuko, ambaye hupita chini na kuuacha mmea ukinyauka bila sababu inayoonekana juu. Ukiuvuta na ukatoka bila mizizi, umemjua mhalifu. Konokono hula machipukizi usiku wakati wa mvua, na tiba niliyoizoea ni kutoka na tochi baada ya chakula cha jioni na kuwaokota. Vidukari huoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo, na majani yenye mistari meupe iliyopindapinda, ambayo ni njia za funza wadogo waliomo ndani ya jani, huchumwa na kuchomwa.

Ugonjwa wa kuogopwa ni unyaukaji unaotokana na kuvu wa udongoni, na hapa wakazi wa Nakuru wana hatari ya pekee, kwa sababu kuvu huyo hushambulia viazi na nyanya pia na huweza kubaki ardhini miaka mingi. Usipande deizi mahali palipokuwa na viazi vilivyonyauka. Mmea ukinyauka upande mmoja ilhali udongo una unyevu, ung'oe pamoja na udongo wake, uuteketeze, na usiurudishie deizi nyingine shimo hilo.

Maua ya mezani

Anayetaka kuyapeleka ndani akate asubuhi na mapema, achague yaliyofunguka kabisa lakini yenye kitovu bapa, na aondoe majani yote yatakayozama majini. Hudumu takriban wiki moja. Maji yabadilishwe kila siku, wala si kila siku mbili, kwa kuwa vikonyo vya deizi huyaharibu maji upesi na kutoa harufu inayofanana na soksi zilizosahauliwa. Ua lenyewe halinukii vizuri hata likiwa bichi. Liwekwe sebuleni karibu na dirisha, mbali na meza ya chakula.